Firigisi ya Hasamba

Tunduma, ghalani,
Jumapili mchana

Mama Ambakisye, mke wangu,

Nakusalimu kwa heshima, ile ambayo siku nyingine huwa naisahau. Kwanza kaa chini, usisome barua hii umesimama mlangoni. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Ufuta mmeshapalilia au bado mnangoja vibarua? Na yule mbuzi mwekundu aliyekuwa anakohoa, amepona au mmeshamla mkaogopa kuniambia? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na kofia ya ulinzi inanikaa vizuri kuliko vijana wote wa hapa. Moyo ndio hauko vizuri, na ndiyo sababu umeona mwandiko wangu.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Ile simu ya dukani unayopokelea, mwenye duka anaiweka sauti ya nje, na watu wanajaa kwenye benchi kama wako kanisani. Haya ninayotaka kusema hayafai benchi. Barua anakuletea dereva wa lori la chumvi anayekuja Mkwajuni, yeye atampa mwenye pikipiki wa Galula. Usimpe mtu akusomee, hata Ambakisye. Kwenye kisomo cha watu wazima wewe ulinishinda, mwalimu alisema wazi mbele ya watu nami nikanuna siku nyingi. Herufi zangu zinapanda na kushuka, utazivumilia.

Habari ni ya binti yetu Sekela na yule kijana wa miwani.

Unakumbuka ulivyoniagiza. Gideoni, fundi wa sola aliyekuja kufunga taa za zahanati yetu, alimwona Sekela akampenda, akaja nyumbani kukusalimu kwa adabu, akasema kwao ni Hasamba, wazazi wake wanalima kahawa, na anataka kuleta mshenga. Mimi nilikuwa huku, sijawahi kumwona. Wewe ukaniambia kwa simu, taratibu kwa sababu ya benchi, kwamba tusijibu kwanza, tuwachunguze hao watu tujue kama wanaweza kukaa na mtoto wa wenzao. Ukasema nimtume dada yangu aliyeolewa Isansa, maana yeye yuko kule kule juu, anaweza kuuliza wanawake wenzake kisimani na hakuna atakayeshtuka. Ukasema mimi mwenyewe nisiende. Na hata nikienda, nisile. Hilo la kutokula ulilirudia, nikakukatia simu.

Nililijua, mke wangu. Kwetu hata mtoto analijua. Mzazi wa binti hali chakula cha nyumba ya posa kabla jembe la posa halijapokelewa na mjomba wa binti. Akila, amekubali. Amemtoa mtoto kwa mdomo wake na hakuna wa kumuuliza tena. Hakuna atakayesema Baba Ambakisye hakufundishwa.

Sasa nikuambie kilichonipotosha. Nyuma ya ghala letu kuna banda la video. Madereva wanaosubiri karatasi zao za mpakani wanashinda humo, na mimi nikitoka zamu naingia, mwenye banda ananiheshimu ananipa kiti cha mbele. Wanaonyesha mchezo wa kizungu, wa mfululizo, wa majasusi, ila si wa kuuana. Ni wa kuchekesha. Jasusi mwenyewe si mtu wa misuli. Ni karani wa posta, mwembamba, miwani minene, suruali ameifunga juu ya kitovu, akikimbia kidogo anakohoa. Wakubwa wa serikali walimpa kazi ya ujasusi kwa kumfananisha na mtu mwingine. Basi kila siku anaingia kwenye nyumba za watu wabaya, leo fundi bomba, kesho mpishi, siku nyingine amevaa kama askofu, na anatoka salama. Bunduki hajui hata inashikwa wapi. Anashinda kwa akili na kwa mahesabu ya kichwani. Kuna jamaa anatafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wale wazungu, anamwita Bwana Miwani, na anaongeza chumvi zake. Bwana Miwani akiona hatari, jamaa anasema, leo ugali umemwagika. Hapo banda zima linalia kwa kicheko.

Nilimpenda yule mtu, Mama Ambakisye. Mimi huyu ambaye siku zote nasema mwanaume wa miwani ni nusu mtu. Ukiniuliza kwa nini nilimpenda wa kwenye televisheni nikamchukia wa Hasamba ambaye sijamwona, sina la kukujibu. Nilikuwa nimeshaamua. Fundi wa miwani hawezi kubeba gunia, binti yangu haendi. Nilichokuwa natafuta ni kosa la kumkatalia, na nikaona hakuna mtu wa kulipata zaidi yangu. Dada wa Isansa sikumtuma. Nilisema moyoni, wanawake wa kisimani wataniletea sifa tupu.

Lazaro, mlinzi mwenzangu, yule wa mguu mbovu, alijaribu kunizuia. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, yule wa kwenye video wameshamwandikia asikamatwe. Wewe amekuandikia nani?" Nikamjibu kwamba nimelinda maghala ya mpaka huu tangu biashara ilipofunguliwa, nimekamata wezi waliovaa kanzu ya padri, sitashindwa na wakulima wa kahawa. Akaniazima koti lake la suti na miwani ya jua.

Nikaamua kuwa mnunuzi wa kahawa kutoka Zambia. Siku hizi si kama zamani kahawa ilipokuwa ya ushirika peke yake, mnunuzi yeyote anaingia shambani hakuna anayemuuliza. Nikajipa jina la Bwana Mulenga. Kibemba ninacho, cha sokoni lakini kinatosha. Nikapanda basi hadi Vwawa, nikachukua pikipiki, na huyo wa pikipiki nikamwambia anisubiri mbali na nyumba, kama Bwana Miwani anavyofanya na teksi zake.

Nikapita katikati ya mibuni nimeinama. Nilitaka niwasikie wanavyosemezana wakiwa peke yao, maana mtu humjui mpaka umsikie anavyomgombeza mbwa wake. Nikajibanza kwenye migomba karibu na choo. Nikakichungulia hicho choo. Kisafi, kimefagiliwa, nikaudhika. Kuni zimepangwa chini ya paa, nikaudhika zaidi. Mbwa akaja akaninusa akalala hapo hapo miguuni pangu, hata mbwa hakugombezwa na mtu. Nikiwa nimechuchumaa hivyo, akatokea bibi mmoja mzee sana, baadaye nilijua ni bibi yake Gideoni. Hakupiga kelele. Akaniambia kwa upole, "Baba, mlango wa choo uko upande huu."

Nikasimama nikakung'uta majani. Nikamsalimu kwa Kibemba, mulishani mukwai, nikasema mimi ni Bwana Mulenga wa Zambia, natafuta kahawa nzuri. Yule bibi akanitazama usoni, akafunika mdomo kwa khanga, akaniongoza uani.

Sasa sikiliza, uone nilivyokuwa kipofu. Nilipewa kiti chenye kitambaa. Mama mwenye nyumba alipokuja kunisalimu alipiga magoti, amejifunika khanga kichwani, akakaa kwa upande bila kunitazama. Wewe unajua mwanamke anamfanyia nani hivyo. Mimi pia najua. Nilikiona kwa macho yangu nikasema moyoni, kumbe Wazambia wanaheshimiwa kiasi hiki Hasamba. Baba mwenye nyumba akatoka shambani, akaniuliza habari za mvua za Zambia, nikamweleza. Akaniuliza nina malori mangapi, nikamweleza hayo pia. Kila nikisema anatabasamu, anatikisa kichwa, anasema hongera sana Bwana Mulenga. Juu ya paa kulikuwa na kijana wa miwani anakaza paneli ya sola. Niliona ameacha kazi ananitazama. Akashuka, akainama, akaniamkia shikamoo baba. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya kitajiri. Hakukaa nasi. Akaenda kukimbiza jogoo.

Nilikisikia chakula kinaungwa, na nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Hapo ndipo nilipotumia akili yangu ya ujasusi. Nikajiambia kwamba mwiko ni wa Baba Ambakisye, na Baba Ambakisye hayupo hapa, yuko Tunduma analinda ghala. Anayekula ni Mulenga. Mdomo ni wa Mulenga na tumbo ni la Mulenga. Mzambia akila kuku wa Hasamba, binti wa Galula anaingiaje?

Wakaleta ugali na kuku. Pembeni wakaweka kibakuli kidogo peke yake, kimefunikwa. Nikafunua. Firigisi.

Mke wangu, mnunuzi wa kahawa hawekewi firigisi kwenye kibakuli chake, hiyo ni ya mkwe. Hata ningekuwa mlevi ningetakiwa kuinuka pale pale. Lakini nilikuwa nimeshasema habari za malori yangu, nikaona hicho ndicho cheo changu. Nikaichovya kwenye chumvi nikaila yote.

Haijafika tumboni nikasikia vigelegele jikoni. Yule bibi akatoka anacheza. Baba mwenye nyumba akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yana machozi. Akasema, "Mkwe, asante kwa kutufuata kwa miguu yako. Wengine wanatuma maneno mengi kwanza. Wewe umekuja na utani wako, umetuchekesha, umekula. Nyumba hii haitakusahau."

Nikavua ile miwani ya jua. Unaikumbuka picha niliyoituma, nimevaa sare na rungu, nikakuagiza uitundike sebuleni mahali ambapo kila mgeni ataiona? Gideoni aliiona alipokuja kukusalimu. Alinitambua akiwa juu ya paa, nikiwa bado natambaa kwenye mibuni, akawaambia wenzake. Hawakunicheka kwa ubaya. Walidhani ni utani wa wakwe, kwamba nimeamua kuja kwa njia ya furaha nifungue mlango mwenyewe. Ndiyo maana walifuatisha kila neno langu. Wale watu walikuwa wananiheshimu tu.

Mpaka hapo, Mama Ambakisye, ni ujinga. Mtu anaweza kuusamehe ujinga. Lililo baya linafuata, na nimezunguka sana kwa sababu siwezi kulifikia.

Gideoni alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Njia nzima alikuwa amenibebea koti. Tulipokaribia akasimama, akahakikisha mwenye pikipiki hasikii.

"Baba," akasema, "nisamehe kama nakosea. Naona kama ulikula ukiwa mgeni wa kahawa, hukujua kama tunakufahamu. Kama ndivyo, niambie hapa tukiwa wawili. Nitarudi nimweleze mama kwamba hujala kama mkwe, na mshenga atakuja kwenu kama kawaida. Sekela hajanipa neno lake la mwisho. Sitaki nimpate kwa firigisi."

Umemsikia? Sekela hakuwa ametoa neno lake. Mimi baba yake sikulijua hilo, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Nilikuuliza wewe kuhusu ukoo wa kijana, nikauliza ana ng'ombe, nikauliza kwa nini anavaa miwani. Binti yangu mwenyewe sikumuuliza kama anamtaka.

Na kijana amenifungulia mlango pale, bila mtu wa kuniona nikitoka. Nilitakiwa kusema neno moja tu: "Sikujua." Halafu lingekwisha. Lakini nilimtazama, nikaona huyu mtoto mwembamba ameniona nikichuchumaa kwenye migomba, ameniona nikijisifia malori, na sasa ananionea huruma. Moto ukanipanda hadi masikioni.

Nikamwambia, "Kijana, mimi si mtoto mdogo. Nilijua kila kitu tangu nashuka Vwawa. Nilikuja kula, nimekula."

Akavua miwani akaifuta kwa shati, na haikuwa na vumbi. Akasema, "Haya, baba." Akanivalisha koti.

Ndivyo nilivyomtoa Sekela. Uani kwao nilidanganywa na njaa na ujinga wangu, lakini pale njiani nilimtoa nikiwa na akili timamu, tumbo limejaa, ili tu kijana asijue kwamba mzee amekosea. Nimewaza maneno mengine ya kuliita jambo hili na sijayapata.

Tangu nirudi nimeingia kwenye lile banda mara moja tu. Bwana Miwani alikuwa amevaa kama daktari, ameingia kwa wabaya, watu wanacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama uso. Kila akikwama anawaambia wenzake wazi kwamba hajui, anaogopa, wamsaidie, na hapo ndipo wanapomwokoa. Siku zote hizo nilikuwa kiti cha mbele na nilichokiona ni zile nguo zake za kubadilisha. Nikatoka kabla haijaisha. Mwenye banda akaniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Sasa kinachonikimbiza ni hiki. Baba yake Gideoni ametuma ujumbe kwa watu wa basi kwamba wiki inayokuja atashuka Galula na wazee wake, na jembe mkononi, amkabidhi kaka yako Asajile, kwa kuwa mimi nimeshakubali. Wakifika hivyo, Sekela atasikia uani, mbele ya watu, kwamba posa yake imeshaliwa. Akikataa ataonekana mtoto asiye na adabu anayemrudishia baba yake mate mdomoni. Akikubali, wanawake wa huko watamwimbia maisha yake yote kwamba aliolewa kwa firigisi. Na Asajile, ambaye ni mjomba na haki ya kupokea ni yake, atasema nimemruka, na atakuwa anasema kweli.

Kwa hiyo kesho Jumatatu naenda Hasamba. Nimeomba ruhusa kwa tajiri wa ghala, Lazaro atanishikia zamu. Nitavaa sare yangu ya ulinzi maana ndiyo nguo niliyo nayo ya heshima, na nitapita njia kuu, si kwenye mibuni. Nimenunua kuku jike mzima, mkubwa kuliko wote waliokuwa sokoni leo, hata wauzaji wenyewe walishangaa. Wazee wetu walisema aliyekula kabla ya wakati anarudisha kuku aliye hai, anakiri mbele ya aliowalia, na chakula kile kinahesabiwa hakikuliwa. Hilo nilishaliona likifanywa nikiwa kijana. Mzee aliyelifanya tulimcheka hadi alipokufa. Basi nami watanicheka. Nitakaa mbele ya yule baba aliyelia machozi, na mkewe, na yule bibi wa chooni, niseme kwamba sikujua, na kwamba nilimdanganya mtoto wao njiani. Nitawaomba wasishuke Galula kwanza. Naogopa uso wa yule mama kuliko ninavyoogopa wezi wa ghala.

Wewe kazi yako ni moja. Mwite Sekela mkiwa wawili tu, si mbele ya Ambakisye, si mbele ya mjomba. Mwambie yote haya, usinifichie hata la kuchuchumaa. Mwambie kuku amerudishwa, hadaiwi na mtu. Kisha umuulize anamtaka Gideoni au hamtaki. Akisema hapana, ni hapana, na mimi ndiye nitakayekwenda kulisema Hasamba mara ya pili. Akisema ndiyo, kijana alete mshenga kwa njia inayojulikana, jembe lipokelewe na Asajile, na mimi nitakaa pembeni nisubiri kuitwa. Akisema anataka kufikiri, afikiri. Nilikuwa sina haraka nilipomwacha akue bila mimi, haraka ya sasa ninaitoa wapi?

Juu ya kijana mwenyewe, uliniagiza achunguzwe, nami nakujibu. Gunia sijui kama anaweza kubeba. Koti langu alilibeba vizuri.

Msalimie kaka yako Asajile, mwambie shemeji yake anakuja kumwomba radhi ana kwa ana, asikubali kupokea jembe la mtu yeyote kabla sijafika. Msalimie Ambakisye mwanangu mkubwa na mkewe, na wajukuu wote, yule mdogo apunguze udongo anaokula. Wasalimie wanakwaya wenzako. Mwenye duka la simu mpe salamu tu, asizidishiwe neno. Ile picha ya rungu, kama bado iko ukutani, itoe.

Kwa Sekela situmi salamu. Mfikishie swali langu, kisha unyamaze umsikilize.

Ni mimi mumeo, ninayengoja neno la mtoto wetu,

Baba Ambakisye